Ukingoni mwa Bonde la Marafa

Nahashon aliazima gari la mwajiri wake wa Malindi ili awapeleke mkewe na binti yao kuona bonde la Marafa. Walikuwa wameshuka kutoka Murang'a kwa likizo ya Disemba, baada ya miaka mitatu bila kuonana.

Barabara ilipanda vilima vya udongo mwekundu. Aliwaonyesha hiki na kile, akaongea peke yake mpaka koo likamkauka.

Walipofika ukingoni, upepo ulimyumbisha mtoto. Nahashon akamdaka mkono. Ulikuwa mdogo, una jasho, nao ukamponyoka. Mtoto alikimbilia gauni la mama yake.

"Mama, huyu mjomba atarudi na sisi nyumbani?"

Mkewe aliyatazama majabali yaliyochongoka kule chini.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Mtoto akamgeukia. Nahashon akapiga magoti vumbini. Juma lililopita alikuwa ametia saini mkataba wa miaka mingine mitatu, na mkewe alikuwa bado hajui.

Akamfunga mtoto kamba ya kiatu, taratibu. Kisha akaifungua, akaanza kuifunga upya.