Sekunde Kumi na Tisa

Mlinzi alifungua dirisha la mia moja na kumi na mbili kwenye kompyuta ambayo hajawahi kufundishwa kuitumia. Jasho lilimtiririka. Kila dirisha lilikuwa na picha ile ile, Meneja akikata utepe.

"Mzee wangu, unaiua mashine!" Fundi wa kompyuta alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. "Unafanya nini?"

"Naijaza kumbukumbu. Si wewe binti uliyesema ikijaa, vitu vilivyolala vinasukumwa kwenye diski? Basi nasukuma. Saa sita umeme unakatwa."

Fundi akaweka kikombe chini. Alijua kinachosukumwa. Miaka miwili nyuma, mashine hii, ambayo ndiyo hupokea simu za ofisi, ilirekodi ujumbe wa sekunde kumi na tisa kutoka kwa mke wa mlinzi. Jioni ile ile mama wa watu akafariki, daktari wa zamu yuko kwenye semina. Ujumbe ukabaki kwenye folda ambayo fundi mwenyewe aliiweka ndani ya kumbukumbu, ile inayoishi kwa umeme tu, ili mashine isiwe nzito. Mashine ikizimwa, folda inabaki tupu.

Kwa hiyo haikuzimwa. Umeme ukikatika, mlinzi aliacha geti wazi akakimbilia jenereta kabla betri ya akiba ya mashine haijaisha. Mtu huyo huyo aliyegombezwa miaka thelathini nyumbani kwake kwa kuacha taa zikiwaka mchana!

Kunakili kulishindikana. Diski ni ya picha za Meneja tu, kwa waraka. Matundu ya flashi yalizibwa kwa gundi, kwa waraka mwingine. Simu za wafanyakazi hufungiwa sandukuni getini, ufunguo anao Meneja. Na kuusikiliza ujumbe wenyewe, mlinzi hakuwahi hata mara moja.

"Nikishausikia," alisema siku moja, "atakuwa amemaliza kuongea."

Leo Meneja anafungiwa kiyoyozi cha pili, ndiyo maana umeme wote unakatwa, na jenereta nayo.

"Baba, nisikilize," fundi akasema, akivuta kiti. "Hata ujumbe ukisukumwa kwenye diski haisaidii. Ile sehemu ya diski ni ya kuegeshea tu, kumbukumbu ikizidiwa mzigo. Daftari la kuonyesha kipi kimeegeshwa wapi linabaki kwenye kumbukumbu. Ukizima, daftari linakufa. Sauti ya mama itakuwa humo vipande vipande, hakuna wa kuitambua."

"Na folda yangu?"

"Inaonekana kama kabati, lakini haina ubao hata mmoja. Imesimama juu ya umeme."

Mlinzi alimkazia macho. "Kumbukumbu inajifanya kabati. Na diski, ambayo ndiyo kabati lenyewe, inajifanya kumbukumbu."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Aliyepanga hivyo atakuwa na kiyoyozi."

"Bila shaka."

"Nilijua tu. Hakuna mtu wa getini anayeweza kupanga upuuzi mkubwa namna hiyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tatu. Fundi akashusha sauti.

"Tumsikilize, baba. La sivyo ataondoka hajasema."

Mlinzi akavua kofia. Alikaa kama mtu anayesubiri kudungwa sindano, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Fundi akabofya. Kwanza vyombo viligongana. Mtu akakohoa. Halafu sauti ikajaa chumba kizima, kali, haina haraka na mtu:

"Baba watoto! Umeondoka umeacha taa ya chooni inawaka. Tena! Na huko kazini nako nakujua. Usije ukathubutu kutoka hapo hujazima kila kitu. Nimesema kila kitu. Unanisikia?"

Fundi alijiziba mdomo, haijulikani kama analia au anacheka.

Mlango ukafunguliwa, Meneja akachungulia, tai begani.

"Wameleta kiyoyozi kibovu! Umeme haukatwi leo. Msiguse chochote, mmesikia?"

Kidole cha mlinzi kilikuwa bado juu ya kitufe cha kuzimia. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

"Umechelewa, bosi," akasema, akivaa kofia yake. "Mkubwa wako ameshaagiza."