Swali la Ndani ya Nyumba

"Anavuta pumzi wapi?" fundi saa aliuliza, sikio lake limeinamia spika.

Ukumbi ulicheka. Wazee wote pale walikuja kufundishwa kuzitambua sauti na picha za bandia, lakini yeye alikuwa mwanafunzi asiyeshiba. Muuguzi mstaafu aliyekaa kando yake akamuuliza kama anataka kuposa roboti. Fundi saa aliomba sauti ile irudiwe.

Mwalimu, binti wa rika la wajukuu wao, akairudia. Alisema sauti ya mashine mara nyingi haipumui. Haimezi mate, haisiti, hujibu upesi kama mtoto aliyekariri. Kwa kila dalili fundi saa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea vipuri mkononi.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki. Akamweleza mwalimu kwamba kila jioni sauti ya mwanawe humpigia mkewe simu. Mke haoni, na moyo wake ni mgonjwa. Siku hizi ameanza kuishuku.

"Matapeli hawana haya, babu," alisema mwalimu. "Mwambie bibi aiulize swali la ndani ya nyumba, jambo lisilojulikana nje. Mashine inajua kile ilicholishwa tu."

"Ilicholishwa tu," fundi saa alirudia. Kisha akasema, "Sitaki aumie, mwanangu. Moyo ule hauna tena pa kubebea."

Mwalimu alimsindikiza hadi mlangoni, akamwahidi kwamba kwa bidii ile hakuna atakayemdanganya.

Jioni fundi saa alimnywesha mkewe dawa, akamwekea simu kando ya mto, akaenda jikoni na kurudishia mlango. Alivaa miwani. Kwa kidole kimoja akaandika, akiilisha simu yake kila alichokumbuka kuhusu mwanawe: jino la kwanza, kaptula iliyochanika shuleni, kovu la kidevuni. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kuliko chawa ilitafuta herufi moja moja.

Chumbani simu iliita.

"Shikamoo, mama." Sauti ilivuta pumzi, ikasita kidogo. "Umeshindaje?"

"Marahaba. Nimeshinda." Mama aliibana simu sikioni. "Hebu nikumbushe, mwanangu. Lile kovu la kidevuni ulilipataje?"

Jikoni, fundi saa alifumba macho.

"Baba aliniangusha, mama. Nilikuwa bado mchanga."

Mama aliishusha simu, akailaza kifuani. Alipozungumza tena, uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

"Hilo tulikubaliana tusimwambie, na mwanetu amekufa bila kuambiwa. Kizime hicho kitu, baba yake, uje tumlilie wote. Peke yangu nimechoka."