Harufu ya Fungo

"Nani alimgusa marehemu kabla Fisi hajamnusa?" Mke wa Fungo aliuliza hivyo siku mumewe alipohukumiwa kunyongwa kwa kumuua Kware, na baraza zima likajifanya halikusikia.

Kwenye rufaa, Nguchiro, wakili mdogo kuliko wote, alimsimamisha Fisi, mtaalamu wa kunusa.

"Mzee, una hakika ni Fungo?"

"Binti, pua hii ilikuwa kazini kabla mama yako hajaolewa. Maiti ilikuwa inanuka Fungo mwili mzima."

"Shikamoo pua. Uliinusia wapi?"

"Hapa hapa barazani, mbele ya wote."

"Na nani aliyeibeba mpaka hapa?"

Fisi akamgeukia Fungo. Kwa desturi yao, mshtakiwa ndiye humbeba marehemu mgongoni hadi barazani.

"Basi tungekushtaki wewe, mzee, marehemu angenuka Fisi!"

Jaji Nyati akapiga kwato chini. "Nyamaza! Nikikubali hilo, wote tuliowanyonga kwa ushahidi wa pua hii watasemaje?"

"Hao hawasemi tena, mheshimiwa. Huyu shingo yake ingali nzima. Naomba umfungue kamba."