Njia Iliyofagiliwa

Funo, swala mdogo wa msituni, aliwazidi wenzake wote kwa hadhari. Kila alipotoka mtoni alishika tawi kwa meno, akafagia nyayo zake mpaka kichakani alimomficha mwanawe.

"Mama Funo, mbona wenzako hawafagii?" Kobe alimwuliza.

"Ndiyo maana wanaliwa."

Siku moja alirudi akamkuta Chui amejilaza mbele ya kichaka, ameshiba, analamba midomo. Tawi likamdondoka.

"Nani amekuonyesha hapa?"

"Ni wewe, mama," Chui akajibu taratibu. "Msitu mzima umejaa nyayo, hata sijui nifuate zipi. Njia safi niliiona moja tu. Nami najua, panapofagiliwa kila siku pana mwenyewe."