Maua ya Sebuleni kwa Mzee Faki

Nina bustani isiyojua mvua, na nyuki akiijia huondoka na njaa. Tegua, mjukuu wangu. Umeshindwa? Nipe mji, basi, hata usio na jina. Ni maua ya plastiki, na mji ulionipa ndiko walikokaa Bi Rukaya na mumewe, Mzee Faki.

Siku waliyokuja wageni kumposa binti yao mdogo, Mzee Faki alishinda asubuhi nzima akipigilia maua na majani ya plastiki sebuleni, mpaka mlango wa chumba cha binti mkubwa ukafunikwa wote. Binti huyo alizaa kabla ya ndoa, na baba yake akamfukuza.

"Wakimsikia huyo, na huyu hawamtaki tena," alimwambia mkewe. "Nyamaza leo tu."

Wageni wakafika. Mama wa kijana aliketi mkekani, akaegemea majani, akawa anachezea ua moja.

"Sebule yenu inapendeza, dada. Maua haya hata maji hayaombi."

"Wala hayamtii mtu aibu," Mzee Faki akacheka.

"Na watoto mmejaliwa wangapi?"

"Chai inapoa jamani, karibuni," Mzee Faki akadakia.

Bi Rukaya akamimina chai, kikombe baada ya kikombe. Mgeni akapokea chake, akamtazama, bado anangoja jibu. Jikoni, binti mdogo aliacha kuosha sahani.

"Wawili," alisema Bi Rukaya. "Mlango wa mkubwa ndio huo unaouegemea."