Kosa Lisilo na Mwenyewe

Vizazi vyote vikumbuke kwamba Kibwana, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo nyumbani kwa bibi yake, ndiye binadamu wa kwanza kumshinda Mwamuzi, mtambo unaowafungulia milango wasio na kosa. Alimshinda kwa sababu ya mkate wa sinia alioumaliza peke yake.

Mwamuzi alipouliza nani kaula, Kibwana alijibu kwa unyenyekevu mkubwa: “Kama si Bibi, ni mimi. Kama si mimi, ni Bibi.”

Mwamuzi aliyazunguka maneno hayo kutwa, kisha akaandika mlangoni: *Wote wawili, haijulikani.*

Kibwana alicheka mpaka Bibi alipojifunga kanga atoke. Dada yake Bibi alikuwa anakata roho mtaa wa pili. Mlango haukufunguka, kwani asiyejulikana hahesabiwi kuwa hana kosa.

“Mume wangu,” Bibi alimwita mjukuu wake kwa utani wa kila siku, huku akiusukuma mlango, “hivi mimi nimekula nini?”

“Ni mimi, Bibi. Niliula wote.”

Mlango ukamfungukia Bibi peke yake. Hajafika hata kona, vilio vikaanza mtaa wa pili. Kibwana akabaki ndani, akiuambia mlango tena na tena kwamba ni yeye.