Nyayo za Dume

Baba alilowesha udongo mbele ya zizi kabla sijamwagiza, ili nyayo zionekane vizuri.

Mimi ndiye mkaguzi wa chama cha wafugaji. Chuma cha chapa, alama ya dume aliyefaa kuzalisha, hukaa mkononi mwangu. Ng'ombe wetu wa nyama sasa wanatafutwa kila kona, na wanunuzi huangalia mapaja tu, miguu hawana habari nayo. Mwaka jana dume wa baba alinenepa akapendeza, ila kwato zake za nyuma zilikanyaga pembeni mwa nyayo za mbele. Nilimkataa mbele ya watu. Tangu hapo baba ameninunia, hata salamu zake hupitia kwa mama.

Leo ameleta dume mwingine.

"Huyu mpitishie mzee, yaishe," jirani aliniambia akiwa ameegemea uzio.

"Wewe nyamaza," baba alimkata. "Mwache afanye kazi yake."

Akamtembeza dume taratibu juu ya udongo ule. Nikachuchumaa. Ukwato wa mbele ulichora alama. Wa nyuma ukaja ukatua mle mle, kama mguu unaorudi kwenye kiatu chake. Ikawa hivyo hadi mwisho. Ungeangalia zile nyayo ungedhani amepita mnyama wa miguu miwili.

Niliinuka magoti yamejaa tope, tabasamu limenishinda kuficha. Nikachomoa chuma motoni, chekundu, nikamgeukia baba.

Alivua kofia.

"Mkaguzi," alisema, kwa sauti iliyofika uzio mzima, "piga chapa."